Nyangumi wa Kolombia alifika Unguja: tuzitunze picha za mikia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ujio wa nyangumi, jambo ambalo sisi tunaoendesha boti upande wa kusini wa Unguja hulishuhudia kila msimu wa kusi, lakini ambalo kwa sehemu kubwa huishia kwenye mazungumzo ya barazani.

Desemba 2024 watafiti wakiongozwa na Ekaterina Kalashnikova, wa kituo cha utafiti cha Bazaruto nchini Msumbiji, walichapisha habari za nyangumi mmoja wa nundu, dume, aliyepigwa picha katika pwani ya Pasifiki ya Kolombia mwaka 2013 na tena mwaka 2017, kisha akaonekana mwaka 2022 huku kwetu, katika mkondo wa bahari unaotenganisha Unguja na bara. Umbali baina ya sehemu hizo, ukipimwa kwa njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ni kilomita 13,046, na kwa kuwa nyangumi hapiti juu ya nchi kavu, njia aliyoogelea ni ndefu kuliko hiyo. Zamani kidogo watu walistaajabia jike aliyeonekana Brazil mwaka 1999 na Madagaska mwaka 2001, mwendo wa kilomita zipatazo 9,800. Huyu wetu amempita mbali.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaeleza wageni kwamba nyangumi hawa wana njia moja ya kwenda na kurudi: hunenepa kwa uduvi wa bahari ya baridi ya Antaktika, kusi likivuma hupanda kuja kwenye maji yetu ya joto kupandana na kuzaa, kisha hurejea walikotoka. Maelezo hayo bado ni sahihi kwa walio wengi. Wa Kolombia hushuka kwa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kusini, nao wa kwetu hupitia pande za Msumbiji, na kila kundi hushika bahari yake. Lakini kule chini, kuizunguka Antaktika, maji yameungana na hakuna nchi ya kuyakata, na nyangumi wa makundi mbalimbali wanaweza kukutana malishoni. Kwamba dume mmoja aliacha njia yake akatokea upande wa pili wa dunia ni ushahidi kwamba mipaka tuliyowachorea si ukuta. Watafiti wanadhani huenda uduvi umehama au kupungua kwa sababu ya bahari kupata joto, au huenda idadi ya nyangumi inavyoongezeka baada ya uwindaji kukomeshwa, madume wanalazimika kutafuta majike mbali zaidi. Hayo ni makisio. Kuyathibitisha kunahitaji kuonekana kwa nyangumi wengine wa namna hiyo, na hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapohusika.

Ugunduzi wote huu, Mhariri, ulitegemea picha za mkia. Nyangumi wa nundu anapotaka kuzama kina kirefu huunyanyua mkia juu ya maji, na upande wake wa chini una mabaka meusi na meupe ambayo hayafanani na ya mwenziwe yeyote, pamoja na kingo zilizochongoka kwa namna yake mwenyewe. Agosti iliyopita nilizima injini nikiwa na wageni sita. Nyangumi akaibuka mbele yetu, akapuliza mara tatu kwa kishindo, harufu ya pumzi yake ikatufikia, kisha akakunja mgongo na mkia ukapanda taratibu ukichuruzika maji: mweusi katikati, mweupe pembeni, na mkwaruzo mrefu upande wa kushoto. Mgeni mmoja aliipata picha hiyo vizuri sana. Akaondoka nayo kesho yake kurudi kwao, na mimi sikubaki na kitu chochote, hata tarehe sikuiandika.

Hilo linaniuma, kwa sababu najua si mara moja wala mbili. Wavuvi wa usiku na wenye ngalawa huwaona nyangumi kuliko mtafiti yeyote, na wengi wao wana simu za kupigia picha. Niliwahi kwenda katika ofisi moja kuuliza kama kuna mahali pa kupeleka habari hizi. Nikaambiwa nirudi wiki inayofuata, nikarudi, na sikupata jibu.

Ninachopendekeza hakina gharama kubwa. Kila diko, yaani mahali wavuvi wanapoegesha vyombo vyao, liwe na daftari, alitunze bwana diko au mtu atakayemteua, na ndani yake iandikwe siku, saa, mahali, idadi ya nyangumi, kama walikuwa na mtoto, na picha ya mkia ikipatikana ihifadhiwe na kupelekwa kwa wanaolinganisha picha hizo duniani.

Nawaomba pia manahodha wenzangu jambo moja. Boti nne au tano zikimzingira nyangumi, hasa mama mwenye mtoto, hukimbia chinichini na mkia hauonyeshi. Anayetaka kuuona mkia hukaa nyuma yake, mbali, injini ikiwa chini au imezimwa, akasubiri.

Yule dume wa mwaka 2022 mkia wake unajulikana. Alirudi tena kwetu mwaka uliofuata, au alikwenda zake Kolombia? Inawezekana mmoja wetu amempita karibu akiwa njiani kutega wavu wa jarife, asimjue. Kusi lijalo nitakuwa na daftari langu ndani ya boti, nimelifunga kwenye mfuko wa plastiki, na nahodha yeyote wa Kizimkazi anayetaka kuandika humo aliyoyaona anakaribishwa.

Wako,
Nahodha wa boti ya wageni,
Kizimkazi, Unguja