Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Karakana ya Pamoja, Tabora

Ndugu wanachama,

Mhazini atawasomea hesabu baada yangu, na nakala imebandikwa ubaoni, kwa hiyo sitarudia tarakimu. Ada ya siku imebaki palepale tulipoipanga, kodi ya banda hatudaiwi, na mfuko wa matengenezo umevuka mwaka ukiwa na akiba. Muda wangu nautumia kwa mashine zetu na ile barua iliyo mezani.

Kazi iliyotubeba mwaka huu ni mizinga ya nyuki. Mkoa wetu ni wa asali, na wafugaji wanaokuja kwetu kutoka Sikonge na Uyui wanataka mizinga ya mbao badala ya ile ya magome. Wana haki: ukibandua gome kuzunguka shina lote, mti unakufa, na nyuki anakosa maua ya mwakani. Lakini ule mzinga wa pau za juu, yaani wenye vipande vya mbao vilivyopangwa juu yake, hautaki ubabaishaji. Kila pau iwe na upana wa milimita 32, maana nyuki wetu hujenga sega moja kwa kila pau kwa nafasi hiyo. Pau zikipishana upana, sega linapinda na kushikana na la jirani, na mfugaji akifungua mzinga anapasua asali na kuua nyuki. Kwa randa ya mkono utapata pau chache zilizo sawasawa, kisha mkono unachoka. Mashine yetu ya kuranda kwa unene inazitoa zote kipimo kimoja, kutwa nzima. Hakuna kati yetu ambaye angeinunua peke yake. Wafugaji wamerudi kuagiza tena, na hiyo kwangu ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Mashine hiyohiyo ilituumiza pia. Mwezi wa sita iliingizwa mbao iliyotoka kwenye paa la nyumba iliyobomolewa, msumari ukiwa umezama ndani. Visu vyote vilipata mapengo, na hadi vilipokwenda kunolewa kila ubao ulitoka na mistari ya matuta, mkisimama foleni na msasa kuyaondoa. Tangu hapo kamati imeweka utaratibu: mbao ya zamani haipiti mlangoni kabla ya kupitishiwa sumaku, na funguo za mashine kubwa ziko kwa mtunzaji mmoja anayelipwa posho. Baadhi yenu mlinung'unika kwamba mali ya wote imewekewa bwana. Mimi nasema mali ya wote isiyo na mtunzaji ndiyo inayokufa mapema. Daftari la zana lipo wazi, na patasi, keekee na jiriwa zilizokuwa zikihesabiwa kama zimepotea zimerudi karibu zote.

Umeme wa njia tatu unaoendesha mashine zetu sasa una kinga. Njia moja ikikatika, mota huweza kuunguruma bila kuzunguka, na usipoizima upesi waya zake zinaungua. Sasa inajizima yenyewe. Wanaoranda mninga, vaeni barakoa. Vumbi lake linawasha pua na kifua, na kikohozi cha fundi hakilipwi na mteja.

Vikundi vya vijana na kina mama vilivyomo humu vinaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Katibu atawasaidia kuandaa maombi.

Sasa barua. Mfanyabiashara mmoja wa mbao anaomba kukodi upande wote wenye mashine, Jumatatu hadi Ijumaa, atuachie mwisho wa wiki. Kodi anayotaja inazidi ada zetu zote. Kamati imegawanyika, na nawaheshimu walio upande wa pili, kwa sababu banda linavuja na mabati ni fedha.

Mimi napinga. Kijana anayetoka chuo cha ufundi cha VETA na cheti mkononi, hana hata randa yake, anakuja hapa Jumanne asubuhi kwa saa mbili, anamaliza kitanda cha mteja, anaondoka. Daftari linaonyesha wengi wenu mnafanya hivyohivyo. Tukimfungia siku tano, atarudi kukodi mashine mtaani kwa bei asiyoiweza, au ataacha ufundi aendeshe bodaboda ya mtu. Tulichangishana ili huyu apate pa kufanyia kazi. Ninalopendekeza ni kwamba mfanyabiashara huyo alete mbao zake, wanachama waziranda kwa malipo, na sehemu ya malipo iingie mfuko wa mabati.

Uamuzi ni wenu. Kura itapigwa kwa siri baada ya taarifa ya mhazini, na kila aliyelipa ada yake ya mwaka ana kura moja. Karatasi ziko kwa katibu.

Mwenyekiti