Sensa ya tofauti ya presha: kabla hujaagiza mpya, kagua vipaipu

Simu nyingi tunazopokea toka viwanda vya hapa Tanga zinaanza hivi, "fundi sensa ya filta imekufa, nitafutieni nyingine haraka". Sawa, kuuza tunauza, ila tukifika site iwe Pongwe au Amboni tunakuta mara nyingi sensa ni nzima kabisa na shida iko kwenye vile vipaipu vyembamba vinavyoiletea presha.

Wengi wanaichanganya na geji ya kawaida. Geji inakwambia paipu ina presha kiasi gani, basi. Hii sensa ya tofauti ina matundu mawili, moja limeandikwa H (presha kubwa) na jingine L (presha ndogo), katikati kuna kiwambo chembamba cha chuma, presha zinakisukuma huku na huku kama watu wawili wanaogombea mlango na sensa inasoma nani kamzidi mwenzie na kwa kiasi gani. Kwa hiyo paipu inaweza kuwa na baa 10 pande zote mbili sensa ikasoma sifuri, na iko sahihi.

Kwenye filta za vumbi, za saruji, chokaa au unga, upande mchafu unaenda H na upande msafi L, mifuko ya filta ikijaa vumbi tofauti inapanda ndo unajua muda wa kuisafisha au kuibadili umefika. Na tofauti yenyewe ni ndogo, mara nyingi haifiki paskali 2,000, yaani kama sentimita 20 tu za maji. Sasa mtu anakuja anataka sensa ya baa 10 (paskali milioni moja) kisa kompresa yake ni ya baa 10! Hiyo utaifunga na haitaona kitu. Renji, yaani mwisho wa kipimo cha sensa, unachagua kwa tofauti unayotaka kupima, presha ya laini unaiangalia kujua tu kama sensa itaistahimili.

Turudi kwenye vipaipu. Vumbi la saruji likikutana na unyevu wetu huu wa baharini, masika ndo usiseme, linaganda humo ndani linakuwa jiwe. Kipaipu kikiziba namba inagandia palepale mchana na usiku, opereta anaona kila kitu shwari kumbe mifuko imeshajaa, na kwa kweli bora sensa iliyokufa kabisa maana hiyo angalau utaijua.

Kipimo chake hakina gharama. Zima feni, namba ishuke hadi sifuri. Isiposhuka chomoa vipaipu vyote viwili, yaache matundu wazi, halafu weka multimita kwenye laini ya kutolea signo. Kwa zile za miliampia 4 mpaka 20 (4 ni sifuri, 20 ni mwisho wa renji) inatakiwa usome 4 au karibu yake sana, ukiipata hiyo sifuri yake iko poa, nenda kazibue vipaipu. Ukisoma 0 kabisa waya umekatika au umeme haufiki, fungua mfuniko uangalie terminali, huku kwetu chumvi inazila zinakuwa kijani.

Kuzibua puliza upepo kuelekea kwenye filta, na sensa iwe IMECHOMOLEWA. Jamani hapa ndo zinapofia nyingi, fundi anapuliza kompresa ya baa 7 kipaipu kikiwa bado kimefungwa kwenye sensa ya paskali 2,000, kiwambo kinabonyea moja kwa moja na hapo hakuna cha kurekebisha.

Wa boila na mita za mtiririko mambo yenu yanatofautiana kidogo, mna valvu tatu kwenye vipaipu vya sensa, ile ya kati ya kusawazisha ifunguliwe kabla hujafunga au kufungua za pembeni. Na ukiona miliampia 12 usidhani mtiririko ni nusu, mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha, kwa hiyo kama signo haijasetiwa kipeuo cha pili hiyo ni kama asilimia 71.

Ukipima ukakuta kweli imekufa, tupigie picha ya kile kibati chake namba zote zisomeke, na utuambie inapima hewa, maji au mvuke, joto lake, na kama iko karibu na maji ya chumvi, maana kiwambo cha stenlesi cha kawaida maji ya bahari yanakitoboa.