Barua ya malalamiko: cheti mmenipa, klachi hamkunifundisha

Kibirizi,
Kigoma.
Septemba 2024

Meneja,
Shule ya Udereva,
Kigoma Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAFUNZO YA KUBALANSI KLACHI NA MAFUTA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi. Nilikuwa mwanafunzi wenu wa daraja D, la magari madogo, wakati Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi, kati ya tarehe 15 Mei na 15 Agosti mwaka huu. Nilichagua kipindi hicho makusudi, maana hakuna uvuvi, hakuna dagaa wa kuanika, muda upo. Ada nililipa yote kabla ya somo la kwanza. Kozi nimemaliza na cheti mmenipa, kimegongwa muhuri. Ila mkiniacha peke yangu kwenye gari la gia, siwezi kuling'oa mlimani. Na sababu naijua.

Sababu ni miguu ya mwalimu wenu. Gari lenu lina pedali za pili upande wa mwalimu, na ni jambo zuri, zipo kwa ajili ya dharura. Yeye amezigeuza za kazi ya kila siku. Nilipokuwa naachia klachi, mguu wangu unapanda lakini pedali inabaki chini, kisha inapanda yenyewe polepole, na gari linaondoka laini kama mtumbwi uliosukumwa majini. Halafu nasifiwa: "Safi mama, umeshaiva!" Nilipouliza mbona pedali haifuati mguu wangu, nikajibiwa gari ni zee. Gari ni zee kweli, lakini uzee haukanyagi klachi.

Jambo la pili, hatukutoka kwenye tambarare. Mngekuwa Tabora ningewaelewa, kule milima ya kumsumbua dereva ni ya kutafuta. Hapa ni Kigoma. Stesheni iko chini karibu na ziwa, Mwanga iko juu, na mzigo wangu unaanzia ufukweni. Kilo yoyote ya dagaa ninayouza sokoni Mwanga lazima ipande kwanza. Kumfundisha mtu wa Kigoma udereva bila mlima ni kumfundisha nusu, na ada mlichukua nzima.

Nilipoanza kutumia kirikuu yangu, pikapu ndogo ya mizigo, alama ya L imebandikwa mbele na nyuma, mdogo wangu mwenye leseni amekaa pembeni, nilisimama kwenye mwinuko kupisha bajaji. Nikafanya nilivyofundishwa: mafuta kidogo, achia klachi. Ikazima. Nikawasha, ikazima tena. Nikaongeza mafuta, injini ikalia, harufu ya klachi kuungua ikajaa ndani, na gari likaanza kurudi kinyumenyume na magunia yake mpaka mdogo wangu akavuta handibreki. Nyuma yetu walikuwepo watu wanaotembea kwa miguu. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Aibu peke yake ningeimeza.

Mdogo wangu anaendesha Hiace ya Ujiji na hajasomea ualimu wa aina yoyote. Alinipeleka mahali tambarare akaniambia nisiguse mafuta kabisa. Gia ya kwanza, kisigino kikae chini, mguu wa kushoto uinuke taratibu, sikio kwenye injini. Klachi inapoanza kushika, mlio unashuka, gari linatetemeka kidogo, pua inataka kuinuka. Hapo hapo mguu unatulia. Hauendelei kupanda mpaka gari litembee, ndipo unaachia sehemu iliyobaki. Sikujua kwamba injini iliyopata moto inaweza kusogeza gari kwenye tambarare bila mafuta! Kwenye mlima ni pale pale, ila handibreki imevutwa: tafuta klachi inaposhika, ongeza mafuta, ukisikia gari linavuta, shusha handibreki. Kirikuu ina injini ndogo ya cc 660, kwa hiyo ikiwa na mzigo inadai mafuta mengi kuliko gari lenu. Yote hayo nimeyapata bure kwa ndugu, wakati nyinyi nimewalipa.

Na klachi ya gari lenu ikaguliwe. Inashika juu kabisa, pedali ikikaribia kuachiwa yote. Ya kirikuu inashika chini. Mwanafunzi ambaye hakufundishwa kupatafuta mahali hapo atadhani magari yote yako hivyo. Kuhusu ushauri wa mwalimu kwamba niendeshe mguu ukiwa umelalia klachi "ili niwe tayari", fundi wangu alicheka tu, akasema ndivyo sahani za klachi zinavyolika na ndivyo yeye anavyopata wateja.

Ninachodai si kikubwa. Nipewe vipindi vya kurudia, bila malipo, na mwalimu mwingine, njia ya kupanda Mwanga ikiwemo, na huyo mwalimu miguu yake akae nayo mbali na pedali isipokuwa pana hatari. Kama hamna mwalimu wa namna hiyo, mnirudishie fedha ya masomo ya barabarani. Ya darasani sidai, alama za barabarani mlinifundisha vizuri. Kwa trafiki kutahiniwa sitaenda mpaka hili limekwisha, maana kule hakuna wa kunishikia klachi.

Nakala ya risiti na ya cheti nimeambatanisha. Naomba jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi huu. La simu sitalihesabu, kwa kuwa ya simu ofisi yenu imeshanipa mawili na yanapingana.

Wenu mteja,
Mama wa dagaa, Kibirizi