Filta Yako Amekwenda Nayo Nyani

Tanga,
28 Aprili

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Zile salamu ndefu za "hofu na mashaka ni kwako uliye mbali" leo naziruka, maana mwenye hofu ni mimi. Filta yako nyeusi ya kamera, ile uliyonipa ukaniapisha niirudishe bila mkwaruzo, sinayo. Amekwenda nayo nyani. Nimeona nilitoe hilo kwanza, nikitumaini ukifika mwisho wa barua utakuwa umeshacheka mara mbili tatu na hasira zimeshuka.

Nilifika Livingstone, ule mji wa Zambia ulio karibu na maporomoko, siku ya nne tangu nitoke hapa. Safari ya basi kutoka Dar hadi Lusaka nisikuhadithie sana. Miguu ilivimba mpaka viatu nikawa navikanyaga visigino kama ndara. Hadi Tunduma, mpakani kwetu, unaongea kama uko kwenu, na ukivuka Nakonde, upande wa Zambia, Kiswahili bado kinakubeba: mama anayebadilisha hela anakuita dada na kukupunja kwa lafudhi nzuri kabisa. Baada ya hapo kinakonda kila kituo. Kutoka Lusaka ni kama kilomita 470 nyingine. Tulipokaribia mji, jua likielekea kuzama, niliona wingu moja jeupe limesimama peke yake juu ya miti, na mbingu yote iliyobaki haina hata doa. Nikadhani wanachoma shamba. Kijana aliyekaa pembeni yangu akasema, "Mosi-oa-Tunya."

Hebu litamke jina hilo kwa sauti, Mwanaidi. Shuleni tulifundishwa "Maporomoko ya Victoria", tukayachora hadi kwenye ramani za mtihani, na hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba jina la wenyewe tungeweza kulielewa nusu bila mkalimani. Mosi ni moshi. Moshi unaonguruma: ndivyo Wakololo walivyoyaita. Watonga waliokuwepo hapo kabla yao wanayaita Shungu Namutitima, na jina lao linazungumzia maji yanayochemka. Kati ya moshi na jungu linalotokota, malkia wa Uingereza aliingia vipi? Lakini tuyaache.

Sasa kosa langu. Nilikwenda mwezi wa nne. Nilijisifu kwako, ukikumbuka, kwamba nakwenda wakati maji yamejaa, nisije nikapiga picha za mawe makavu. Kujaa yamejaa kweli. Mvua za huko juu, Angola na kaskazini-magharibi mwa Zambia, huchukua wiki nyingi kuteremka na mto, kwa hiyo Zambezi hufurika hasa wakati mvua zenyewe zimeshaisha na mbingu ni ya buluu. Ukingo unaomwaga maji una upana wa mita 1,708. Panga viwanja 16 vya mpira mwisho kwa mwisho, kisha chukua kingine ukisimamishe wima, hicho ndicho kimo chake, mita 108. Maji yote hayo yanatumbukia ndani ya ufa mwembamba, na wewe mtazamaji unasimama ng'ambo ya pili ya ufa huohuo, uso kwa uso. Yakigonga chini hayana pa kwenda ila kurudi juu. Basi yanarudi juu, yanakupita kichwani, yanageuka na kukunyeshea.

Nilikodi koti la mvua getini, na juu ya baibui lilikuwa kama kumvisha mbuzi kofia. Dakika tano nikawa nimelowa hadi vidole vya miguu. Kuna daraja jembamba la kupitia kwa miguu upande wa Zambia, wanaliita kwa jina la makali ya kisu, na ukifika katikati yake mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu. Wallahi sitanii. Maji yanaingia kwa ndani ya koti, yanapanda. Watu wanapiga mayowe na wewe huwasikii, unaona midomo tu. Sauti yenyewe huisikii kwa masikio. Unaihisi kifuani, kama umekaa kando ya spika ya taarabu.

Na picha? Nyeupe. Nimepiga picha mia mbili na kitu za ukuta mweupe. Nilivalisha kamera kofia ya plastiki ya kuogea niliyochukua nyumba ya wageni, nikaitoboa mbele kwa ajili ya lenzi, na hilo lilisaidia (jaribu siku ukipiga harusi ya mvua). Lakini lenzi ukiifuta, kabla hujainua jicho ina matone tena. Nilikuwa nafutia kipande cha ile kanga yangu kuukuu ya "Maji yakimwagika hayazoleki". Nilipogundua nimeshika neno gani mkononi nilicheka peke yangu mpaka mzungu mmoja akaniuliza kama niko salama.

Nilirudi nyuma kidogo kwenye miti nipange vitu. Asubuhi nilikuwa nimenunua vitumbua njiani. Nao wanaviita hivyohivyo, vitumbuwa, ila ni vya unga wa ngano, ukivionja ni ndugu zake kaimati ambao hawajaoga shira. Mfuko wa vitumbua, na mimi kwa akili zangu nikaitia filta humo humo ili isilowe, kwa sababu ndio uliokuwa mkavu pekee. Nyani wa pale, Mwanaidi, wanaujua mlio wa mfuko wa plastiki kuliko sisi tunavyoujua mlio wa simu. Yule mama wa makoti akapiga kelele, "Nyani! Nyani!" Nikafurahi kwanza kwamba nimeelewa Kinyanja, lugha yao. Nilipogeuka, dume moja kubwa lenye mabega kama kuli wa bandarini lilikuwa limeshashika mfuko, halina haraka. Lilikaa juu ya mwamba likala vitumbua kimoja kimoja, likatoa filta, likainusa, likaliangalia jua kupitia kwayo kama fundi, kisha likaitupa kule chini. Sikupata hata picha. Kamera ilikuwa imevaa kofia ya kuogea.

Najua utakachosema: bila filta nyeusi ya kupunguza mwanga, mchana kweupe, maji ya hariri, yale yanayopigwa polepole hadi yakalainika, hayapatikani. Ni kweli. Lakini nikwambie la moyoni, hayo maji ya hariri unayoyapenda wewe mimi sijawahi kuyapenda. Mto mzima unageuzwa pazia la saluni. Nikaamua niende kinyume: shata ya kasi, sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, na badala ya kutaka ukingo wote nikavizia pale upepo unapofungua moshi kwa sekunde chache. Ndipo nikaona kitu ambacho jicho lenyewe halikunionyesha. Maji hayashuki kama shuka. Yanakatika mapande mapande, kila pande lina kichwa mbele na mkia wa unyevu nyuma, yanafuatana kama vimondo. Nina picha tatu za namna hiyo. Tatu katika mia mbili na kitu, na sioni haya.

Adhuhuri nikasimama mbele ya sanamu ya Livingstone, yule mvumbuzi ambaye mji una jina lake, nikijikausha. Kilichonijia ni Bagamoyo, ile ziara yetu ya darasa la sita, tulipoonyeshwa kanisa la misheni ambamo mwili wake ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi kuubeba kutoka kijiji cha Chitambo, huko huko Zambia. Sikuwahi kuziunganisha sehemu hizi mbili kichwani. Halafu nikaona jambo la kitaaluma, tarehe: aliyafikia maporomoko Novemba 1855. Novemba! Maji yamepungua. Alipelekwa kwa mtumbwi hadi kwenye kisiwa kilicho ukingoni kabisa, akalala kifudifudi akachungulia chini. Bila shaka aliona vizuri akaandika vizuri. Mwezi wa nne kisiwa hicho hukifikii, na ungekifikia usingeona kitu. Walioyapa jina la moshi, hao waliishi nayo mwaka mzima.

Kwa hiyo wewe na shemeji mkipanga, nendeni kati ya Juni na Agosti. Maji bado yapo na moshi umetulia. Oktoba na Novemba upande wa Zambia sehemu kubwa inabaki mwamba mtupu, japo upande wa Zimbabwe maji hayakatiki. Na ukitaka upinde wa mvua, jua liwe mgongoni kwako, asubuhi au alasiri, si saa sita.

Ila kuna jambo moja ambalo Juni na Agosti hazitakupa kama nilivyolipata mimi, na hili ndilo ninalokuandikia hasa.

Usiku wa kuamkia kuondoka mwezi ulikuwa wa kumi na nne. Siku chache mwezi ukiwa mpevu hifadhi huachwa wazi usiku, unaingia na askari. Nilikula kwanza, nshima, ambayo ni ugali, na kapenta. Nikamwambia mwenye mkahawa hawa ni dagaa wa Kigoma, akabisha. Lakini ni kweli: walichukuliwa Ziwa Tanganyika miaka ya 1960 wakatiwa Ziwa Kariba, mbele kidogo kwenye mto huuhuu, wakazaana. Nikawala kama mtu aliyekutana na jirani ugenini.

Tulipofika, mwezi ulikuwa umeshapanda nyuma yetu, upande wa mashariki. Mbele, ndani ya moshi, palikuwa na tao. Si la rangi. Jeupe, la kijivujivu, kama chaki iliyofutwa kwa kiganja. Watu wakalitazama, wakaguna, wengine wakaanza kupiga picha kwa simu zao na kupata giza. Nikafungua stendi yako ya kamera, nikatundika begi chini yake lenye mawe matatu kwa sababu ya upepo wa maji, nikaweka aiso, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, 1600 na shata iwe wazi sekunde 25, nikasubiri. Sekunde 25 usiku ule, na ardhi inatetemeka chini ya ndara.

Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera ilikuwa na rangi zote. Nyekundu, kijani, urujuani, tao zima limeinama hadi ndani ya ufa. Nikainua kichwa, nikatazama: jeupe. Nikatazama kamera: rangi. Macho yetu usiku hayana nguvu ya kuona rangi, hilo tulilisoma, lakini kulisoma ni mbali na kusimama pale. Yule askari akaja akaangalia, akamwita mwenzake. Kijibibi kimoja cha Lusaka kilichokuja na wajukuu kikaangalia kwenye kamera, kikaangalia angani, kikaangalia kamera tena, kikasema neno moja tu nililolijua, "mwezi", kisha kikacheka mpaka kikanishika bega. Mchana mzima kamera ilikuwa kipofu mbele ya kitu nilichokuwa nakiona. Usiku ikawa zamu yangu.

Kamera imelala kwenye mchele tangu nirudi, ukungu ndani ya lenzi umebaki kidogo kama kope. Stendi yako ni nzima, ila mpira wa mguu mmoja umebaki kwenye matope ya Zambia. Ijumaa nampa stendi dereva wa basi la Mombasa, lile la asubuhi, pamoja na bahasha ngumu yenye picha ya tao na moja ya yale mapande ya maji. Usiikunje. Msalimie shemeji na watoto, na mama umwambie vitumbua vyake havina mpinzani hadi Zambezi.

Bei ya filta niandikie, lakini iwe bei uliyonunulia, si ya hasira.

Shogayo,
Zuhura