Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Ziara ya Hampshire na Deni Letu kwa Wenyeji

Ndugu Wanachama,

Katiba yetu inamtaka Mwenyekiti awasilishe taarifa ya shughuli za mwaka mbele ya Mkutano Mkuu, na kwa desturi taarifa hiyo hugawanywa kati ya mechi, fedha na masuala ya wanachama. Mwaka huu naomba ridhaa yenu niifuate desturi hiyo kwa ufupi tu. Hesabu za fedha zimekaguliwa na Mhazini atazisoma mwenyewe. Matokeo ya mechi zetu za kriketi za Jumapili hapa London yamo katika kitabu cha alama ambacho Katibu amekiweka mezani. Mimi nitazungumzia zaidi ziara ya mwisho wa wiki tuliyoifanya mwezi Agosti katika vijiji viwili vya Hampshire, kusini mwa Uingereza, kwa kuwa ndiyo iliyotuonyesha wazi klabu hii inaweza nini na inapungukiwa nini, na hoja nitakayoileta kwenu leo imetokana nayo.

Kwa manufaa ya wanachama wapya, na hasa wale waliojifunza kriketi Mombasa, Kampala au Dar es Salaam kwenye viwanja vya vilabu vikubwa na vya shule, nieleze kwanza kriketi ya vijijini hapa Uingereza inavyoendeshwa. Kiwanja aghalabu ni cha kijiji kizima, kiko kando ya kanisa au mbele ya baa, na kinatunzwa na watu wasiolipwa chochote. Jumamosi huwa ni siku ya ligi. Jumapili kwa kawaida ni siku ya mechi za kirafiki, ambazo hazina kombe wala pointi. Hakuna mwamuzi wa kuletwa kutoka nje: timu inayopiga ndiyo inayotoa waamuzi wawili kutoka miongoni mwa wachezaji wake wanaosubiri zamu, na wachezaji hao hao huandika alama. Baina ya zamu mbili za kupiga mchezo husimama, na wenyeji huwaandalia wageni chai. Mechi hizi zimekuwa zikipungua, kwa sababu vijiji vingi havipati tena wachezaji 11 siku mbili mfululizo, na hiyo ni sababu mojawapo ya wenyeji kuipokea kwa furaha timu inayosafiri. Sisi tulikubaliwa na vijiji vyote viwili kwa mawasiliano ya barua tu, na kimojawapo kilikubali kucheza nasi kirafiki siku ya Jumamosi kwa kuwa hakikuwa na mechi ya ligi wiki hiyo.

Kijiji cha kwanza kiko katika bonde la mto Meon. Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza imetangaza kwamba kiangazi cha 2025 kilikuwa na wastani wa joto wa juu kuliko kiangazi kingine chochote tangu mfululizo wa vipimo vyake uanze mwaka 1884, na huko Hampshire wakazi walikuwa tayari wamepigwa marufuku tangu Julai kumwagilia bustani kwa mpira wa maji. Majani ya kiwanja yalikuwa yamekauka na kugeuka rangi ya udongo, na mpira ukishapita mlinzi mmoja ulikwenda hadi mpakani bila kupungua kasi. Mzee anayetunza kiwanja alimchukua Nahodha wetu kabla ya sarafu kurushwa, akatembea naye hadi katikati, akapiga magoti na kuweka mpira chini pembeni mwa pichi, ule ukanda wa katikati wapigaji wanaposimama. Mpira ulianza kubingirika wenyewe, polepole, kuelekea upande wa barabara. Akamweleza kwamba mpigaji anayesimama upande wa mti mkubwa asiamini mpira unaoonekana kupita nje ya wiketi, vile vijiti vitatu anavyovilinda, kwa sababu mteremko utaurudisha ndani. Hakuwa na wajibu wowote wa kutueleza siri hiyo ya kiwanja chake. Wapigaji wetu watatu wa mwanzo waliusahau ushauri ule, nao wakaangushiwa vijiti mmoja baada ya mwingine. Wa nne aliushika, akakaa hadi karibu na mwisho. Tulishindwa kwa tofauti ya mikimbio michache, yaani alama za mchezo huu, katika mechi ya ova 35, kila ova ikiwa mipira sita.

Ni lazima niseme pia kwamba mechi hiyo tuliianza tukiwa pungufu. Mwanachama mmoja alituma ujumbe wa kujitoa asubuhi ile ile, gari likiwa limekwisha kuondoka London, na hatukuwa na mchezaji wa akiba. Wenyeji hawakutaka tucheze tukiwa 10. Walituazima kijana wao, ambaye katika ova za mwanzo alimdaka nahodha wa kijiji chake mwenyewe karibu na mpaka, na watu wake wakampigia makofi kama tulivyompigia sisi. Nililipenda tendo lile kwa moyo wangu wote. Lakini mbele ya Mkutano huu siwezi kuacha kusema kwamba haikupasa lihitajike. Mtu anapoandikisha jina kwenye ziara, kuna kijiji kizima kinachokata mikate kwa hesabu ya jina hilo.

Nitaisimulia chai kwa kirefu, maana ndipo ulipo msingi wa hoja yangu. Tangu janga la Uviko ligi nyingi zimeacha kulazimisha vilabu kuandaa chai, na kila timu hujiletea chakula chake. Kijiji hiki kimeendelea na chai yake kwa hiari. Katibu wetu alikuwa amewaarifu mapema kwamba baadhi yetu hatuli nyama isiyochinjwa kihalali na wengine hawali nyama kabisa. Tulipoingia kwenye kibanda cha klabu tulikuta meza mbili. Ya pili, iliyofunikwa kitambaa safi, ilikuwa na mikate ya mayai, ya jibini na ya matango, keki za ndimu, na kadi iliyoandikwa kwa mkono kwamba vyote vilivyopo pale vimekatwa kwa kisu kipya ambacho hakijagusa nyama. Mama aliyeandaa alisimama kando ya birika kubwa la chai akiuliza kila mtu kama anatumia sukari. Alipoambiwa kwamba wachezaji wanne wangependa kuswali Adhuhuri kabla ya kurudi uwanjani, alifungua chumba cha kubadilishia nguo cha waamuzi, akafagia mwenyewe, kisha akamwomba nahodha wao aongeze dakika 10 katika mapumziko. Nasi tulikuwa tumechukua mahamri na sambusa za mboga zilizoandaliwa na akina mama wa klabu yetu, zikawekwa meza zote mbili na zikaisha. Hata hivyo tusijidanganye kwamba sambusa zile zimelipa ukarimu tuliofanyiwa.

Usiku tulilala katika mahema kwenye shamba tulilokodi. Mwaka 2025 umetimiza miaka 50 tangu timu ya Afrika Mashariki icheze katika Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume, lililofanyika hapa Uingereza Juni 1975, na Kamati iliona inafaa tuikumbuke safarini. Mzee wetu mmoja, aliyekuwepo katika uwanja wa Edgbaston, Birmingham, akiwa kijana, alitusimulia. Timu hiyo, iliyoongozwa na Harilal Shah, iliundwa na wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, watu wenye kazi zao za kila siku ambao kriketi yao ilikuwa ya mwisho wa wiki kama yetu. Walicheza mechi tatu wakashindwa zote: New Zealand walipata mikimbio 309 katika ova 60, Glenn Turner peke yake akifikisha 171 bila kutolewa, India waliwashinda bila kupoteza wiketi hata moja, yaani bila mpigaji wao yeyote kutolewa, na dhidi ya Uingereza walitolewa wote kwa 94. Vijana wetu, wanaoijua zaidi Kenya iliyoishinda West Indies huko Pune mwaka 1996 na kufika nusu fainali mwaka 2003, walisikiliza kwa utulivu mkubwa, na mmoja akauliza kwa nini tunaadhimisha timu iliyoshindwa. Mzee alimjibu kwamba New Zealand walipiga ova 60 nzima wakapoteza wiketi tano tu, na kwamba Afrika Mashariki nao walisimama ova zao zote 60 siku hiyo, wala hawakutolewa wote. Jibu hilo lilikuja kutufaa sana kesho yake.

Jumapili asubuhi tulipita Broadhalfpenny Down, kiwanja cha kale cha kriketi juu ya kijiji cha Hambledon. Klabu ya Hambledon ndiyo iliyotawala mchezo huu katika nusu ya pili ya karne ya 18, kabla ya mamlaka kuhamia London kwa klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) iliyoanzishwa mwaka 1787, na mwaka 1777 iliishinda timu ya Uingereza nzima kwa zamu moja na mikimbio 168, yaani mikimbio yake ya zamu moja iliizidi ya zamu mbili za wapinzani kwa 168. Kiwanja kiko wazi juu ya kilima, upepo unakipiga kutoka kila upande. Ng'ambo ya barabara kuna baa ya kale iitwayo The Bat and Ball, na mbele yake mnara wa mawe uliosimamishwa mwaka 1908. Wachezaji wa Hambledon ndio waliotaka mwaka 1771 upana wa gongo uwekewe kikomo cha inchi nne na robo, baada ya mpinzani mmoja kuingia na gongo pana kama wiketi yenyewe. Kikomo hicho hakijabadilika hadi leo, na binti yetu mdogo kuliko wote katika msafara alitoa rula mkobani akapima gongo lake pale pale, kwa bidii iliyowafurahisha wazee.

Mechi ya mchana, katika kijiji kilichoko upande wa pili wa vilima, ilichezwa kwa muda na si kwa idadi ya ova, na wengi wetu hawakuwahi kuucheza mfumo huo. Katika mfumo huo timu inayopiga kwanza huamua yenyewe wakati wa kufunga zamu yake. Timu ya pili isipofikia mikimbio inayotakiwa, lakini ikawa haijatolewa yote saa ya mwisho ikiisha, matokeo ni sare, hata kama imeachwa nyuma sana. Wenyeji walifunga zamu wakiwa na mikimbio 214, wakatuachia muda wa kutosha kujaribu kushinda, jambo ambalo timu yenye choyo isingelifanya. Tulijaribu, na wiketi zikaanguka. Ilipofika saa 12 jioni, ambapo kwa makubaliano zilibaki ova 20, hatukuwa tena na matumaini ya ushindi, na kazi ikawa moja tu: kubaki.

Nahodha ndiye aliyekuwa nguzo yetu wakati huo. Mpira ukampiga mguuni mbele ya wiketi, jambo linaloweza kumtoa mpigaji, wenyeji wakadai atolewe, na mwamuzi aliyekuwa akiwatazama alikuwa mwanachama wetu, rafiki yake wa siku nyingi. Akainua kidole, ishara kwamba ametolewa. Nahodha akaondoka bila neno. Najua kwamba jambo hilo lilijadiliwa kwa ukali njiani tukirudi, na wapo waliosema mwamuzi angeweza kunyamaza, kwani hakuna mtu angemlaumu. Msimamo wangu, ambao Kamati imeuunga mkono, ni kwamba mwanachama yule alituletea heshima kuliko mkimbio wowote uliopatikana mwaka huu. Mchezo huu vijijini hauna ulinzi mwingine ila uaminifu wa aliyesimama pale na koti jeupe. Tukiutumia kwa faida yetu, hatutaalikwa tena, na itakuwa haki tusialikwe. Wapigaji wawili wa mwisho, yaani Mhazini na binti niliyemtaja, walikaa ova tano, walinzi wakiwa wamewazunguka karibu kiasi cha kuweza kuwagusa. Binti alizuia mipira sita ya ova ya mwisho mmoja mmoja, gongo na pedi vikiwa pamoja, na mrushaji wao, mtu wa makamo, alikuwa wa kwanza kumpa mkono. Mechi ikaisha sare.

Sasa hoja. Klabu yetu haina kiwanja. Kwa miaka yote tumekuwa wageni: tunakodi pichi ya bustani ya manispaa kwa saa, hapana kibanda, hapana jiko, na wapinzani wetu hurudi makwao na chupa ya maji. Tumekula chai za watu msimu baada ya msimu bila kuandaa yetu hata mara moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu imeshapita zamani. Kwa hiyo Kamati inapendekeza kwamba mwezi Julai 2026 tukodi kwa Jumapili moja kiwanja chenye kibanda na jiko, tuvialike vijiji vyote viwili, tucheze nao kwa mfumo wa muda kama walivyotufundisha, na tuwaandalie chai sisi wenyewe, kwa chakula cha kwetu. Mhazini ataeleza gharama. Kwa ufupi, zinaweza kubebwa na nyongeza ndogo ya ada pamoja na salio la mfuko wa ziara.

Pendekezo la pili linahusu ziara ya 2026. Anayejiandikisha alipe nusu ya gharama mapema, na akijitoa baada ya orodha kufungwa bila sababu ya ugonjwa au msiba, fedha hiyo ibaki katika mfuko wa chai. Wapo watakaoona ni sharti kali. Mimi naliona la haki.

Shukrani za Kamati ziwaendee madereva wote, akina mama waliopika usiku wa kuamkia safari, na waandishi wetu wa alama, ambao vitabu vyao havikutofautiana na vya wenyeji hata kwa mkimbio mmoja. Barua za shukrani kwa vijiji vyote viwili zimekwisha kupelekwa, zikiwa na mwaliko ambao utathibitishwa iwapo Mkutano huu utapitisha hoja ya kwanza. Kura itapigwa mara baada ya taarifa ya Mhazini. Wanaotaka kusaidia upande wa jiko wajiandikishe kwa Katibu leo, na majina ya ziara yamfikie kabla ya Jumamosi tarehe 31 Januari 2026.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti