Malalamiko kuhusu msafara wa baiskeli ulioacha watu njiani

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: MSAFARA WA BAISKELI WA MASHAMBANI, JUMAMOSI ILIYOPITA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilishiriki msafara wenu wa Jumamosi, ule mliotangaza kuwa ni wa kilomita 45 kwa mwendo wa pole, unaomfaa yeyote ajuaye kuendesha baiskeli. Ada nililipa yote mapema. Nakala ya risiti nimeiambatanisha.

Niwape kwanza haki yenu: njia mliyoichagua ni nzuri mno. Vilima, mashamba, kijito kinachokatiza barabara ya vumbi, na magari hakuna. Hapo sina neno. Ila sikulipia mandhari, maana hayo yapo bure. Nililipia kuongozwa.

Msafara mzima ulikuwa na kiongozi mmoja tu, naye muda wote alikuwa mbele. Anayejua kazi ya kuongoza kundi la baiskeli anajua kwamba lazima awepo wa mbele na wa kufunga mkia, na kwamba kwenye njia panda anaachwa mtu mpaka wa mwisho apite. Kwenu wa mkia hakuwepo. Mlima wa kwanza tu kundi likakatika vipande viwili: wenye baiskeli zao za mbio wakaondoka na kiongozi, sisi wengine tukabaki tunahema. Na kwenye baiskeli, ukishaachwa unazidi kuachwa. Waliomo kwenye kundi wanakingiana upepo, wewe uliye peke yako unaupokea wote kifuani.

Kilichoniudhi kuliko yote ni yale mliyoyaita mapumziko. Kiongozi alikuwa anasimama kutusubiri, ni kweli. Lakini tukitokeza tu, jasho linatuchuruzika, anauliza kama wote tupo, na kabla sijafungua chupa ya maji wenzetu wameshakanyaga pedali. Kwa hiyo wenye nguvu walipumzika kila kituo, na waliochoka hawakupumzika hata kimoja. Sijui ni nani aliyepanga utaratibu wa namna hiyo, ila mwenyewe hajawahi kuwa wa mwisho.

Baada ya kijito barabara inagawanyika kuwa njia tatu, zote za vumbi, zote zina alama za matairi. Hapakuwa na mtu wala mshale. Kumpigia kiongozi ikashindikana kwa sababu eneo lile halina mtandao. Tukakata shauri kwenda kulia, tukaenda mpaka njia ikaishia kwenye geti la shamba la watu. Mama mmoja mwenzetu, aliyejiandikisha kwa kuamini maneno ya "mwendo wa pole", alikaa chini kando ya njia akasema yeye haendelei. Tulimbembeleza, tukarudi naye taratibu. Gari la msaada lililotajwa kwenye tangazo tulilikuta limeegeshwa kwenye lami, dereva kalala.

Kuhusu baiskeli niliyokodi kwenu: kwenye mteremko mrefu breki ya nyuma ilianza kulia chuma kwa chuma. Nikasimama kwa ya mbele, nikainama kuitazama. Raba zilikuwa zimelika hadi vile vifereji vya kuonyesha kiasi cha kulika vimefutika kabisa, na upande mmoja chuma kimeshaikwaruza rimu. Raba haiishi hivyo kwa asubuhi moja. Kipande kilichobaki nilikishuka kwa miguu nikiikokota. Kiti nacho kilikuwa kimepandishwa kupita ile alama ya mwisho kwenye bomba lake. Nilipomwonyesha kiongozi kabla hatujaondoka, akanijibu kwamba nitazoea. Alama ile si pambo. Bomba likiingia kidogo tu ndani ya fremu, linaweza kukatika au kuipasua fremu yenyewe, na aliyekalia kiti ndiye anayeanguka.

Jumatatu nilipiga simu ofisini kwenu. Mhudumu akanishauri niwe nafanya mazoezi kabla ya kuja. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaamua kuandika.

Naomba mnirudishie ada yote ya kukodi baiskeli, maana kilichokodishwa hakikufaa kupandwa, pamoja na nusu ya ada ya msafara. Mama niliyemtaja ana haki ya kurudishiwa yake yote. Kama hajawaandikia, mtafuteni ninyi. Naomba pia baiskeli ile itolewe barabarani leo, si baada ya kunijibu mimi. Namba iliyoandikwa kwenye fremu inaonekana kwenye picha nilizoambatanisha, pamoja na hizo raba za breki.

Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitalifikisha suala hili kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji, nikiwa na picha hizo hizo.

Wenu,
Mshiriki wa msafara wa Jumamosi