Risala ya akina mama wa soko la Luanda, Vihiga, kwa mgeni wa heshima, siku ya kufungua maonyesho ya picha za zamani

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, chifu wetu, wazee, akina mama na watoto, hamjamboni. Nimeambiwa nisipitishe dakika tano, kwa hivyo asante kwa kufika na hii mvua na hiyo barabara, hayo nimemaliza.

Hizi picha unaona zimetundikwa na kamba ya nguo zilitoka chini ya magodoro, ndani ya Biblia, kwa masanduku ya mabati, moja ilikuwa imeziba tundu la dirisha. Sisi tulitaka tu watoto waone vile nyanya zao walikuwa wakivaa. Alafu tukageuza nyuma. Mwanaume akiwa kwa picha ameandikwa jina lake, la baba yake, hata kazi, fundi baiskeli, karani, askari. Mama amesimama hapo kando ni "na bibi yake." Wakiwa wengi ni "akina mama, soko." Basi. Kisumu hapo jirani reli ilipofika 1901 iliitwa Port Florence, jina la mke wa mkubwa mmoja wa reli, yaani huyo alipewa mji mzima, na hawa wetu waliokuwa wakiuzia abiria wa treni ya Butere ndizi kwa dirisha hawakupata hata mstari mmoja wa penseli.

Ikabidi tuzunguke kwa wakongwe. Unamwekea picha kwa mapaja unangoja, mwanzo anakwambia sijui, macho yamepotea, alafu anaona leso, ama vile mtu amesimama, anaanza kucheka. Huyu ndiye alikuwa anapima mahindi gorogoro mpaka inamwagika. Huyu mkunga, nusu ya watu wamekaa hapa walipitia mikono yake. Huyu alimfukuza mtoza kodi na mwiko, hiyo ushahidi hatuna lakini wazee watatu wamecheka kwa namna moja, tukaandika. Majina yako ukutani, utayasoma mwenyewe.

Ya Mheshimiwa Grace Onyango haikutusumbua, ilikuwa imekatwa kwa gazeti, meya wa Kisumu 1965, na 1969 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuchaguliwa mbunge. Mama mmoja aliibandika jikoni miaka na miaka imekuwa nyeusi na moshi. Hatukuisafisha.

Wenye mmebaki na picha nyumbani, andikeni nyuma na penseli, biro inapenya inatokea usoni. Na msibandike selotepu, tafadhali sana.

Mheshimiwa, maombi ni matatu. Kabati ya chuma yenye kufuli, manake mchwa na unyevu haviogopi historia. Mashine ya kuskani. Na ukuta mmoja wa kudumu, hii darasa Jumatatu watoto wanaitaka. Choo cha soko tutakuomba siku ingine, tusikuchoshe leo.

Kuna picha 14 bado hazina majina. Ukishakata utepe pitia ile ya karibu na mlango, mama mrefu ameshika baiskeli, amevaa viatu vya mwanaume, hacheki. Ulituambia kwenu ni hapo Emuhaya, si mbali, kwa hivyo mwangalie vizuri. Penseli iko hapo chini, imefungwa na uzi.